Kilichoungua Sicho Kilichoua: Kuilinda Inverta Kisiwani Rusinga

Mama mmoja anayeuza samaki wa kugandisha upande wa Mbita aliniletea inverta yake ndani ya karai, kaifunika leso kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa. Alisema ilitoa mlio mmoja kama wa fataki, ukafuata moshi, halafu friza ikanyamaza na mbuta wote wakiwa ndani. “Imekufa ghafla, mwanangu. Jana ilikuwa nzima kabisa.”

Nilipoifungua nikakuta transista nne zimepasuka vifua. Nikaona pia kwamba hazikuwa za kiwandani, kwa kuwa solda yake ilikuwa bado inang'aa. Nikamwuliza, “Mama, hii imeshatengenezwa kabla?” Akakiri kwamba imeshatengenezwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kila mara fundi alibadilisha transista, akalipwa, na baada ya miezi michache zikapasuka tena.

Sikushika pasi ya solda siku hiyo. Nilimwomba twende dukani kwake anionyeshe betri. Kwenye kichwa chanya cha betri boliti ilikuwa imelegea na kugeuka nyeusi, na plastiki ya waya imeyeyuka kiasi cha upana wa vidole viwili. Waya wenyewe ulikuwa ule wa kufungia taa za nyumba. Transista nilizoziona mezani kwangu zilikuwa maiti tu. Muuaji alikuwa pale kwenye boliti, na mafundi watatu walikuwa wamemzika marehemu bila kumtafuta.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema kwa kila mwenye inverta Rusinga, Mfangano, Mbita na fuo zote za Homa Bay na Migori. Inverta ni nadra sana kufa ghafla. Huuawa polepole, kwa joto, kwa miezi au miaka, na mlio wa fataki ni siku ya mazishi. Ukijua viungo vyake dhaifu na kinachovidhuru, unaweza kuipa miaka mingi zaidi kwa bisibisi, brashi na mita ya bei nafuu.

Tuanze na kazi inayofanyika ndani ya lile boksi. Betri inatoa volti 12 zinazokwenda upande mmoja. Transista za nguvu, ambazo mafundi huziita mosfeti, huziwasha na kuzizima volti hizo maelfu ya mara kwa sekunde, transfoma ikazipandisha. Katika inverta nyepesi za kisasa umeme huo hufikishwa kwanza volti 300 na zaidi, ukahifadhiwa kwenye kapasita, kisha transista nyingine zikaukata upya ili utoke volti 240 zenye mizunguko 50 kwa sekunde, kama ule wa Kenya Power. Kila hatua hupoteza kidogo, na kinachopotea hugeuka joto. Feni na vile vibati vya alumini vyenye mapezi vipo kwa ajili ya kulitoa joto hilo tu.

Wanaochunguza vifaa vya aina hii wamejaribu kuhesabu ni kiungo gani hufa kwanza. Hesabu inayonukuliwa mara nyingi ni ya Mjerumani Eckhard Wolfgang ya mwaka 2007: kati ya hitilafu 100, kapasita zilihusika na 30, bodi ya sakiti 26, transista na jamii yake 21, solda 13, na viunganishi 3. Miaka minne baadaye, watafiti wa vyuo vya Uingereza waliwauliza watu wa viwandani, na transista ndiyo iliyotajwa mara nyingi kuliko kiungo kingine kuwa dhaifu. Mimi sioni ugomvi hapo. Transista ndiyo inayopasuka mbele ya macho ya watu, kapasita hufa kimyakimya, na kapasita iliyokufa huiacha transista bila kinga.

Kwa hiyo tukae kwanza kwenye kapasita. Ile ya mviringo yenye umbo la kopo dogo ina majimaji ndani yake. Majimaji hayo hukauka taratibu kupitia mpira wa chini, na joto ndilo linaloharakisha. Kanuni ambayo kila fundi anapaswa kuikariri ni hii: kila joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita hukatika nusu. Ubavuni mwake pameandikwa 85 au 105, yaani nyuzi za juu inazovumilia, na nyingi za bei ya kawaida zimepimwa kudumu saa 2,000 katika joto hilo. Fanya hesabu. Kapasita ya nyuzi 105 ikikaa kwenye joto la 75 itapata saa 16,000, na mwaka una saa 8,760, kwa hiyo haitimizi hata miaka miwili ikiwa inverta haizimwi. Ishushe hadi 65, inapata saa 32,000, zaidi ya miaka mitatu na nusu. Ishushe hadi 55, inapita miaka saba. Ni kapasita ileile, ya bei ileile. Tofauti ni mahali ulipoitundika.

Na sisi tunaitundika wapi? Juu kabisa, chini ya mabati, kwa sababu watoto hawafiki. Saa nane mchana jua la ziwani likipiga, hewa ya chini ya bati huwa kali kuliko ya nje, na feni inavuta hewa hiyohiyo ya moto kuja kupoza vyuma. Au tunaifungia ndani ya kabati la mbao isionekane na wezi. Au tunaiweka juu ya betri kabisa, ili waya uwe mfupi. Hiyo ya mwisho ni mbaya mara mbili, maana betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi na mvuke unaokula shaba na solda, mbali na hatari ya cheche kukutana na gesi inayolipuka.

Itundike ukutani usawa wa kifua, ndani ya chumba kinachopata upepo, kwenye ukuta usiopigwa na jua la alasiri. Acha nafasi ya angalau shubiri moja kila upande wenye matundu. Matundu yasitazame juu, kwa sababu kila kinachodondoka kitaingia. Betri ikae chini, pembeni kidogo, wala isiwe moja kwa moja chini yake. Waya kati ya hizo mbili usizidi mita moja na nusu. Ukihofia wezi, tengeneza kizimba cha nondo. Kabati lililozibwa litakulindia inverta dhidi ya mwizi na kuiua lenyewe.

Sasa turudi kwenye ile boliti, maana ndipo ninapokutana na vifo vingi kuliko kwingine.

Friza, pasi au mashine inayokula wati 1,000 huhitaji zaidi ya ampea 4 tu kwenye umeme wa volti 240. Kwenye volti 12 kazi hiyohiyo huhitaji zaidi ya ampea 80, na ukiongeza kinachopotea ndani unakaribia 95. Huo ni mto mkubwa, nao unapita kwenye ncha ya boliti moja. Boliti ikilegea au ikiota ule unga wa kijani na mweupe, panazaliwa kizuizi kidogo, tuseme sehemu moja ya mia ya ohmu, kiasi ambacho mita ya kawaida haikioni. Ampea 80 zikipita hapo, wati 64 zinageuka joto palepale. Ni kama balbu ya zamani ya wati 60 imefichwa ndani ya boliti, inawaka mchana kutwa.

Lakini ubaya hauishii kwenye boliti. Volti zinazopotea njiani haziifikii inverta. Betri ina 12.3, inverta inaona 11. Friza haijali, inataka wati zake zilezile. Kwa hiyo inverta inavuta ampea nyingi zaidi kufidia, na joto ndani ya transista hupanda kwa mraba wa ampea: ampea zikiongezeka kwa robo, joto huongezeka kwa zaidi ya nusu. Halafu volti zikishuka mno inverta inajizima kujilinda, betri inapumua, volti zinapanda, inajiwasha tena, friza inajaribu kuanza upya, na mashine ya friza inapoanza huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida. Mchezo huo ukirudiwa usiku mzima, asubuhi inverta italetwa kwangu ndani ya karai.

Namna ya kupima ni rahisi na haihitaji kufungua kitu. Washa mzigo mkubwa unaoutumia kila siku. Chukua mita, pima volti kwenye vichwa vya betri vyenyewe, yaani ile risasi, si kwenye kibano. Kisha pima kwenye vichwa vya inverta. Tofauti ya sehemu mbili au tatu za kumi ya volti inavumilika. Ikifika nusu volti, pana mahali panapopata moto. Kupajua, weka ncha moja ya mita upande mmoja wa kiungo na nyingine upande wa pili, mzigo ukiwa bado umewashwa, uende kiungo kwa kiungo. Penye volti nyingi ndipo penye ugonjwa.

Kutibu, zima mzigo, kisha zima inverta, kisha fungua. Ikiwa una paneli na chaja kontrola, ondoa kwanza waya wa paneli kabla ya kugusa betri, na wakati wa kurudisha anza na betri, paneli iwe ya mwisho. Kontrola nyingi zimekufa kwa kubaki na paneli bila betri, maana paneli ya mfumo wa volti 12 ikiachwa peke yake hupandisha volti kupita 20. Osha vichwa kwa maji yenye magadi ya kuokea, sugua hadi chuma king'ae, kausha, kaza kwa spana hadi kisicheze, ndipo upake vaselini juu. Vaselini hupakwa baada ya kukaza. Mwisho wa waya utiwe kishikizo cha shaba kilichobanwa kwa koleo lake, usifungwe kwa kuuzungusha kwenye boliti. Kwa inverta ya wati 1,000 ya volti 12, waya uwe wa shaba wa milimita mraba 25 au 35. Ni ghali, najua. Lakini mama yule alikuwa ameshalipia transista mara tatu, na bei yake ilikuwa imeupita ule waya. Karibu na betri weka fyuzi ya ampea 125. Fyuzi ikikatika usiweke msumari wala uzi wa waya. Ukifanya hivyo, nyumba ndiyo itakuwa fyuzi.

Kisiwa chetu kina adui wake mwingine ambaye vitabu vya inverta havimtaji. Kila anayeishi hapa anawajua wale wadudu wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama nguzo za moshi, wakafuata taa za nyumba jioni. Feni ya inverta inawavuta wakiwa hai. Ndani wanakufa, wananata kwenye mapezi ya alumini, wanachanganyika na vumbi, na kwa sababu hewa ya ziwani ina unyevu, yale matope ya wadudu asubuhi hupitisha umeme mahali usipotakiwa kupita. Nimekuta bodi zenye weusi wa kuungua kati ya pini mbili ambazo hazigusani, na katikati yake bawa la mdudu. Mjusi naye hupenda pale penye uvuguvugu, akajilaza kati ya vyuma viwili vyenye volti 300.

Watu hujibu kwa kuziba matundu kwa kipande cha chandarua kilichogandishwa kwa gundi. Baada ya wiki chandarua kinajaa wadudu, hewa haipiti, na joto linamaliza kazi. Fanya hivi: unda fremu ya mbao au waya, pana mara nne au tano kuliko tundu, isimame umbali wa kiganja kutoka kwenye inverta, uivike chandarua cha zamani. Eneo likiwa pana hewa hupita hata nusu yake ikiziba, na kukipangusa ni kazi ya dakika moja. Pia, usiache taa ikiwaka usiku katika chumba chenye inverta. Wadudu hufuata mwanga.

Mara moja kila mwezi, na kila wiki wadudu wakizidi, zima kila kitu na uondoe vumbi kwa brashi laini na pampu ya kujazia magurudumu. Shika mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke, kwa kuwa yakipeperushwa kwa nguvu yanaharibu beringi. Isikilize feni inapoanza. Feni inayokwaruza au inayohitaji kusukumwa kwa kidole imefika mwisho, na ndiyo sehemu ya bei rahisi kuliko zote ndani ya inverta. Ibadilishe siku hiyohiyo. Feni ikisimama, ile hesabu ya nyuzi 10 inaanza kukudai.

Kuhusu mzigo nitakuwa mfupi. Usiamini namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni. Zile inverta za bei ya chini zenye fyuzi zinazoonekana nyuma zina njia ya kukuambia ukweli: hesabu fyuzi, jumlisha ampea, zidisha kwa 12. Inverta iliyoandikwa wati 2,000 yenye fyuzi tatu za ampea 30 haiwezi kubeba zaidi ya wati 1,080 kwa kudumu, na mimi ningeibebesha 700. Kwa friza au pampu ya maji, tafuta inverta nzito yenye transfoma kubwa ya chuma, inayotoa mawimbi laini kama ya umeme wa gridi. Mashine ya kinyozi ikinguruma na kupata moto kuliko kawaida, ujue inverta yako inatoa mawimbi ya ngazi ngazi, na mashine na inverta zote mbili zinaumia.

Radi tunaijua. Bonde la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi, na juu ya ziwa lenyewe hupiga zaidi usiku. Haihitaji kupiga paa lako: ikipiga jirani, nyaya ndefu za paneli huokota mshtuko na kuuleta ndani. Weka kizuia mshtuko kwenye nyaya za paneli, fremu ya paneli iungwe na fimbo ya shaba iliyozama ardhini mahali penye unyevu, na kwa udongo wetu wa mawe hilo linaweza kumaanisha kusogea mita kadhaa kutoka nyumbani. Mawingu yakifunga, chomoa. Na kwa wenye inverta inayochaji kwa stima ya gridi, ikirudi baada ya kukatika, ngoja dakika chache kabla ya kuiunganisha. Dakika za mwanzo volti hupanda na kushuka kabla ya kutulia.

Sasa nizungumze na mafundi wenzangu, na asiye fundi asiguse haya. Ndani ya boksi mna kapasita zenye volti 300 na zaidi, zinazoweza kubaki na umeme hata betri ikishaondolewa. Ngoja dakika kumi, kisha pima. Zikiwa bado zina umeme, zimalize kwa balbu ya kizamani ya volti 240 yenye nyaya mbili, usitumie bisibisi. Mkono mmoja uwe mfukoni.

Kabla ya kuondoa transista iliyopasuka, piga picha ya bodi, halafu jiulize aliyeiua. Tazama kapasita za upande wa betri: kifua kilichovimba, ute wa kahawia chini, au mpira uliosukumwa nje. Hata isiyovimba inaweza kuwa imekauka, kwa hiyo ukiwa na mita ya kupima kizuizi cha ndani, itumie. Kazi ya kapasita hizo ni kutuliza mawimbi kati ya betri na transista. Zikikauka, kila transista inapozima hupigwa na mruko wa volti, maelfu ya mara kwa sekunde, hadi siku inapochoka. Ukiweka transista mpya juu ya kapasita kavu umemwuzia mteja miezi mitatu. Weka kapasita za nyuzi 105 zenye kizuizi kidogo, volti zake ziwe sawa na za mwanzo au zaidi.

Transista zilizofungwa sambamba zibadilishwe zote, hata zile zinazopima vizuri, na zote ziwe za namba moja na kundi moja. Iliyonusurika ilibeba mzigo wa wenzake dakika zao za mwisho, nayo imeshajeruhiwa. Kisha pima vile vizuizi vidogo kwenye mlango wa kila transista pamoja na sakiti inayoziamuru, kwani transista ikifa hurudisha umeme nyuma na kuviua. Futa mafuta ya kupitishia joto yaliyokauka, paka mapya, membamba sana. Wengi huyapaka kama siagi kwenye mkate, na yakizidi unene huwa blanketi.

Halafu chukua lenzi utazame solda za vitu vizito: transfoma, transista, viunganishi. Kila siku inverta inapata joto mchana na kupoa alfajiri. Shaba, solda, alumini na ile silikoni ya ndani ya transista havitanuki kwa kiasi kimoja. Alumini hutanuka karibu mara tisa kuliko silikoni. Mvutano huo ukirudiwa kila siku, huzaa mpasuko wa duara kuizunguka pini, mwembamba kama unywele. Nyonya solda ya zamani, weka mpya. Mara ngapi nimeona inverta iliyotangazwa kufa ikafufuka kwa solda ya pini moja!

Siku ya kuiwasha tena, usiunganishe betri moja kwa moja. Pitisha waya chanya kwenye balbu ya taa ya mbele ya gari, volti 12 na wati 55. Ikimulika kidogo na kufifia, kapasita zimejaa na mambo ni mazuri. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, bado pana transista iliyounganika ndani, na balbu imekuokoa. Vipuri vya mijini, hata Luthuli Avenue kule Nairobi, vina bandia nyingi zilizofutwa namba na kuandikwa upya. Nunua mbili kwanza, zijaribu na mzigo, ndipo ununue kumi.

Lakini kwa mwananchi anayeanza, kuna shauri ninaloliona kubwa kuliko yote haya. Kati ya 2012 na 2015, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Mbita, pamoja na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi na Taasisi ya Tropiki na Afya ya Umma ya Uswisi, kiliendesha hapa Rusinga mradi wa SolarMal. Nyumba zaidi ya 4,000 zilifungiwa paneli, betri, taa mbili, mahali pa kuchajia simu, na mtego unaovuta mbu kwa harufu ya kuiga ya binadamu na kuwanasa kwa feni. Jarida la Lancet lilichapisha matokeo mwaka 2016: penye mitego, malaria ilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 30. Watu wanaukumbuka mradi ule kwa mbu. Mimi naukumbuka pia kwa kilichokosekana. Hapakuwa na inverta. Taa, simu na feni ya mtego vyote vilikula umeme wa betri kama ulivyo. Hata taa za wavuvi wa omena, zilizoanza kuchajiwa Mbita mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ilipofungua kituo chake kuchukua nafasi ya karabai, hubeba betri yake tu.

Kila unapougeuza umeme unaongeza kapasita, transista na feni ambazo siku moja zitakufa. Inverta ya wati 1,000 ikiachwa imewashwa bila mzigo wowote hula wati 10 hadi 20, mchana na usiku. Basi taa ziwe za volti 12. Simu ichajiwe kwa kichaji cha volti 12. Redio vilevile, na televisheni za volti 12 zinapatikana. Siku hizi hata friza zinazokula volti 12 au 24 moja kwa moja zipo sokoni, na kwa mfanyabiashara wa samaki ningeanza kuuliza bei ya hiyo kabla ya kununua inverta kubwa. Inverta ibaki kwa kazi ambayo haifanyiki bila yake, na kazi ikiisha izimwe.

Ukimwita fundi wa kukufungia mfumo, mwombe leseni yake ya sola. Tangu kanuni za mwaka 2012 anatakiwa awe nayo, na sasa inatolewa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli. Akikutengenezea inverta, mwambie akuachie vipuri vilivyokufa na akuandikie kwenye karatasi mambo mawili: kilichoungua, na kilichokiunguza. Asiyeweza kuandika la pili hajamaliza kazi.

Inverta ya yule mama ilipata waya mpya, vishikizo viwili vya shaba, fyuzi na kapasita sita, nayo ikahamishwa kutoka chini ya bati. Transista zilibadilishwa mwisho. Wewe nawe, leo jioni friza ikiwa inavuma, chukua mita upime betri, kisha upime inverta. Ukikuta nusu volti imepotea njiani, zima usiku huohuo na ukaze boliti. Usingoje asubuhi.